Vihenge Vilivyojaa

Basi letu lilikuwa limeanza kuupanda mlima Kitonga, likijikokota nyuma ya malori mawili yaliyobeba nondo, ndipo nilipoanza kuyahesabu magari ya mahindi yaliyokuwa yakiteremka kwa upande wa pili. Na kwa kuwa abiria aliyeketi dirishani hana kazi nyingine katika mwinuko ule ila kutazama jabali upande mmoja na korongo upande mwingine, niliendelea kuhesabu hata nikafika gari la kumi na saba, kila moja limefunikwa turubai na kukazwa kamba, magunia yamepandana juu kupita kichwa cha dereva. Hapo nikaacha. Ulikuwa mwezi wa Julai 2024, msimu wa mavuno katika Nyanda za Juu Kusini, nchi ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikiilisha Dar es Salaam na miji mingine isiyolima. Na mahindi yale yalikuwa yakienda kulisha watu, jambo ambalo kila mwenye akili timamu atalifurahia.

Kabla ya mlima tulikuwa tumesimama Ruaha Mbuyuni, bondeni kwenye joto na mibuyu mikubwa, ambako vijana huyakimbilia mabasi wakiwa wamebeba vitunguu kwenye nyavu nyekundu. Na tulipokwisha kuumaliza mlima tukapita Ilula, ambako matenga ya nyanya yamepangwa kando ya barabara kwa wingi hata mgeni asiyeijua nchi hudhani kuna sherehe. Huko mbele yako maharage, viazi, mbaazi, maparachichi, na mabonde yenye maji mwaka mzima. Basi na ajiulize msomaji, kama nilivyojiuliza mimi, imekuwaje katika uchunguzi wa afya na idadi ya watu uliofanywa nchini mwaka 2022, mkoa huu wa Iringa ukaonekana kuwa na udumavu wa watoto kuliko mkoa wowote wa Tanzania: katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 57 wana kimo kilichopungua mno kisilingane na umri wao, na nyuma ya Iringa zikafuata Njombe na Rukwa, nazo ni nchi za mahindi vilevile, kila moja kadiri ya watoto 50 katika 100, ilhali wastani wa nchi nzima ni 30.

Mimi si mgeni wa nchi hii. Nilifika mara ya kwanza mwaka 1985, kijana wa pwani niliyekuzwa kwa samaki na nazi, sina koti wala elimu ya tiba, nina mwandiko mzuri tu, nikaajiriwa kuwa karani wa kuandika uzito wa watoto. Wakati huo mashirika ya UNICEF na WHO, kwa fedha iliyotolewa na serikali ya Italia, pamoja na Taasisi ya Chakula na Lishe ya Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, yalikuwa yameanzisha kazi kubwa ya lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa, ambao siku zile Njombe ilikuwa bado ndani yake. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikuwa na siku yake ya afya. Mizani ilifungwa kwenye tawi la mti, mtoto akavikwa kaptula ya kitambaa yenye mishipi miwili, akaning'inizwa hewani akilia kwa ghadhabu huku mama amemshika unyayo kumtuliza, nami nangoja mshale utulie. Kisha nikatia nukta katika kadi: juu ni uwanja wa kijani, katikati kijivu, chini nyekundu.

Lakini mizani peke yake haikumponya mtoto yeyote. Kazi yenyewe ilianza alasiri, pale watu walipokusanyika barazani pa ofisi ya kijiji, idadi ya walioangukia wekundu ikasomwa hadharani pasipo kumtaja mzazi kwa jina, na mwenyekiti akauliza: kwa nini wamezidi? Mmoja akasema ni surua, mwingine akasema ni kisima kilichokauka, mama mmoja wa nyuma akasema kwa sauti ndogo kwamba wakati wa palizi hakuna mtu nyumbani wa kumpikia mtoto mchana. Na kutokana na neno lile la sauti ndogo kijiji kikajenga banda la kulelea watoto, kila kaya ikatoa unga na maharage, kikongwe mmoja akawekwa kuwapikia. Kutathmini, kuchambua, kutenda, kisha kutathmini tena: ndivyo tulivyofundishwa. Utaratibu ule, pamoja na ile fikra ya kwamba chakula, siha na matunzo ni mafiga matatu ya chungu kimoja, ukiondoa moja chungu kinamwagika, ndio UNICEF iliouchukua na kuueneza duniani mwaka 1990. Na wengi wanaousoma leo katika vyuo vya mbali hawajui ya kuwa ulifinyangwa katika mabaraza ya vijiji vya Iringa.

Na matokeo yalionekana. Katika vijiji vile, kazi ilipoanza, zaidi ya nusu ya watoto walikuwa na uzito pungufu, na kadiri ya 6 katika kila 100 walikuwa katika uwanja mwekundu. Kufikia mwaka 1988 wenye uzito pungufu walikuwa kadiri ya 38 katika 100, na wekundu wameshuka hata kukaribia 2.

Nimeyasema mazuri, na sina budi kulisema na jingine, kwa kuwa ndilo lililonirudisha. Katika kijiji kimoja, siku moja ya mvua, jina la mtoto mmoja liliitwa mara tatu pasipo mtu kuitika. Mama yake tulikuwa tumempita asubuhi ile, amesimama mlangoni pa jiko, na nyuma yake katika moshi niliona kitu kimefunikwa kwa kanga juu ya mkeka, kinene miguuni, kisichotikisika. Sikuuliza. Niliandika katika daftari langu, kwa mwandiko ule mzuri, neno "hakuhudhuria", nikafungua ukurasa mwingine. Miezi mitatu baadaye tuliporudi, mhudumu wa kijiji alikichukua kidole changu akakiweka juu ya jina lile, akasema, "Huyu usimwite tena." Alikuwa amefichwa kwa sababu ya aibu. Miguu ikivimba kwa unyafuzi, nywele zikabadilika rangi zikawa kama ndevu za muhindi, watu hunong'ona kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi wake hawakujizuia katika siku za kunyonyesha, ama baba amepita nje ya nyumba akarudi na joto la kigeni. Basi ugonjwa wa njaa hugeuzwa kuwa ushahidi wa zina, na yule mtoto anayestahili kupimwa kwanza ndiye asiyeletwa kabisa. Nimekaa na neno lile "hakuhudhuria" kwa karibu miaka arobaini.

Kijiji nilichokwenda safari hii ki katika wilaya ya Mufindi, mwendo wa saa mbili na zaidi kwa gari dogo kutoka Mafinga, katika nchi ya miti ya paini na mashamba ya chai, ambako ukungu wa Julai hauondoki mpaka saa nne asubuhi na watoto huenda shule wamejikunyata kama vifaranga. Sikitaji jina, kwa kuwa watu wake walinifungulia nyumba zao, hawakunifungulia ili niwatangaze. Mwenyeji wangu alikuwa ni yule yule mhudumu wa afya aliyekishika kidole changu, ambaye baadaye aliolewa huku. Leo ni ajuza wa miaka sabini na kitu, mgongo umepinda, macho bado makali. Nilimwamkia, "Kamwene," kwa lugha ya kwao, kisha nikaongeza, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, karani," kana kwamba nilikuwa nimetoka kwake juzi. Analea wajukuu wanne, ambao wazazi wa wawili kati yao walichukuliwa na UKIMWI, ule ugonjwa uliozikumba nyumba nyingi za Iringa na Njombe na kuwarudisha mabibi katika kazi ya kubeba watoto mgongoni, kazi waliyodhani wameimaliza.

Nje ya nyumba yake, na ya kila jirani, palikuwa na vihenge vilivyojaa mahindi hadi shingoni, na mengine bado yameanikwa juani. Asubuhi ya pili, ambayo ilikuwa ndiyo Siku ya Afya na Lishe ya kijiji, nilifuatana na bibi mpaka zahanati.

Mambo mengi yamebadilika kwa heri. Mtoto hupimwa mkono kwa utepe wenye rangi, na mzingo ukiwa chini ya sentimita 11 na nusu utepe husoma nyekundu, naye hupelekwa kutibiwa siku ile ile; mara mbili kwa mwaka hupewa matone ya vitamini A na dawa ya minyoo; nje ya choo cha zahanati limening'inizwa dumu la maji lenye kamba ya kukanyagia, ambalo huitwa kibuyu chirizi, na niliwaona watoto wakinawa kwa sabuni pasipo kuamriwa. Surua ile iliyokuwa ikitufutia nusu ya kazi yetu haitajwi sana tena. Mwaka 1999, katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Tanzania, 147 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 idadi hiyo ilikuwa 43. Haya ni mafanikio ambayo mtu asiyekumbuka makaburi madogo ya zamani hawezi kuyapima sawasawa.

Hata hivyo, alipoletwa mtoto wa miezi kumi na minne, msichana mnene wa mashavu, mchangamfu, na dada mhudumu wa afya ya jamii akamlaza juu ya ubao wa kupimia urefu, mama ameshika kichwa, dada amenyoosha magoti, kibao cha chini kikasogezwa hata kikagusa nyayo, niliona uso wa dada ukibadilika. Kimo kilikuwa cha mtoto wa miezi tisa. Mama akacheka kidogo, akasema, "Sisi kwetu wafupi, hata babu yake mfupi." Nikatambua hapo ni kitu gani mizani yetu ya zamani haikutuonyesha. Mtoto aliyekonda huonekana na kila mpita njia, na yule wa unyafuzi huonekana hata akifichwa. Bali mdumavu haonekani, maana anacheza, anacheka, anakula akipewa, uzito wake unalingana na umbo lake, na akisimama kati ya wenziwe hawazidi wala hawapungui, kwa sababu zaidi ya nusu yao wamedumaa kama yeye. Upungufu umekuwa ndio kipimo. Nao haukomei mifupani: ubongo hujengwa katika siku zile zile 1,000, tangu mimba kutungwa hata mwaka wa pili kutimia, na kilichokosekana katika siku hizo ni kidogo sana kinachoweza kulipwa baadaye kwa chakula cha aina yoyote.

Nilimwomba yule mama idhini ya kufuatana naye siku nzima ya kesho yake, mimi na mjukuu mkubwa wa bibi, naye akakubali kwa ucheshi, akidhani sitaweza. Aliamka saa kumi na moja alfajiri. Alikwenda bondeni kuchota maji, mwendo wa nusu saa kushuka na zaidi ya hapo kupanda, akarudi na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Akawasha moto, akapika uji wa sembe wa maji maji, akampa mtoto kikombe kimoja, wawili wakubwa wakaenda shule. Saa mbili tulikuwa kwenye vinyungu, ndivyo wanavyoziita bustani za mabondeni zinazolimwa kiangazi, akiinama juu ya maharage na kabichi mpaka saa nane, na mtoto amelala kwenye kitenge chini ya mti, akinyonya kila anapoamka. Saa nane tukaingia msituni kutafuta kuni. Saa kumi tulirudi; akaketi kupukuchua mahindi ya mfanyabiashara aliyelipa kwa gunia, na mtoto akashikizwa dadaye wa miaka saba, ambaye alimlisha matonge mawili ya ugali baridi yaliyochovywa kwenye mchuzi wa maharage, maharage yenyewe akayala yeye, kwani naye ni mtoto na ana njaa. Ugali wa usiku uliiva saa mbili na nusu. Mtoto alikuwa amekwisha lala saa moja na robo. Mama alijaribu kumwamsha, akafumbua macho, akaligusa tonge kwa ulimi, akalala tena.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu na moto ule, na nje ya mlango, hatua tano kutoka nilipo, kihenge kimejaa. Mtoto yule hakulala na njaa kwa kukosa chakula. Alilala kwa kuwa chungu kilichelewa, na chungu kilichelewa kwa kuwa mikono ya kukiinjika ni miwili tu, nayo ilikuwa bondeni, msituni na kwenye magunia ya mtu mwingine. Tumbo la mtoto wa umri ule halizidi ngumi yake kwa mengi. Hawezi kula mara moja kwa wingi akatosheka kutwa kama mkulima, bali ataka kidogo kidogo, mara tatu au nne, mbali na ziwa la mama. Tunampima mtoto kwa ubao, kwa utepe na kwa mizani, tunaandika hata nukta ya kilo. Siku ya mama yake haijapimwa na mtu.

Usiku nilimweleza bibi hayo. Hakustaajabu. Aliinuka, akaenda pembeni mwa jiko, akarudi na kifuko cha kitambaa. "Karani," akasema, "umesahau kimea?"

Sikuwa nimekisahau, bali sikudhani kimebaki. Ulezi huloweshwa usiku kucha, huchujwa, hufunikwa kwa gunia bichi siku mbili tatu mpaka uchipue vijiti vyeupe, kisha huanikwa, husuguliwa vijiti vitoke, husagwa. Na kila mwanamke wa nchi hii anakijua, maana ndicho kinachotengeneza komoni, ile pombe inayouzwa vilabuni. Miaka ile ya themanini wataalamu wetu walionyesha kwamba kimea hicho hicho kina kazi nyingine. Bibi alipika uji mzito kabisa, mwiko unasimama wima, wala si uji tena bali karibu na ugali, uliotiwa unga wa karanga. Akauipua, akauacha upoe mpaka kidole kiweze kuvumilia. Kisha akatia kijiko kimoja cha kimea, akakoroga. Mwanzo halikuonekana jambo. Akaendelea kukoroga taratibu, akihesabu kwa Kihehe, na mbele ya macho yangu ule mwiko uliokuwa ukisimama ukaanza kulala, uji ukalegea, ukang'aa, ukawa unateleza kama maziwa ya mgando, wala hakuongeza maji hata tone. Vimeng'enya vya mbegu iliyoota huukata wanga vipande vipande, basi uji uliobeba unga wa vikombe vitatu hunyweka kwa kikombe kimoja. Kwa ule uji wa alfajiri niliouona, maji mengi na unga kidogo, mtoto angeshiba maji kabla hajapata chakula. Huu anakunywa kidogo akapata kingi. Akaurudisha motoni uchemke mara moja, akaonja, akanipa. Ulikuwa na utamu wake, pasipo sukari.

"Mbona hawa vijana hawautumii?" nikauliza.

"Nani awafundishe? Wakisikia kimea wanajua ni pombe. Na dukani kuna unga una picha ya mtoto, wanaona huo ndio wa kisasa."

Nami nitaongeza neno juu ya unga huo wa dukani na wa mashine, kwa kuwa limenisumbua: sehemu kubwa ya huo uitwao lishe ni mchanganyiko wa nafaka nyingi na karanga na soya, kila kitu katika mfuko mmoja, na mnunuzi hana njia ya kujua kama karanga zile zilikaushwa vizuri ama zilipata ukungu. Kuvu hiyo huacha sumu, sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2016 iliua watu katika Dodoma na Manyara waliokula mahindi yao wenyewe. Kuanika mazao juu ya turubai badala ya udongo ni tiba ya mtoto sawa na sindano, na sijui ni kwa nini hatuisemi kwa sauti ile ile.

Siku ya mwisho mwenyekiti wa kijiji aliniita barazani. Walikuwapo wanaume wapatao ishirini, mtendaji wa kijiji, na dada mhudumu, ambaye alisimama mlangoni mpaka bibi alipomvuta mkono akaketi. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akanikabili kwa adabu. "Bwana mgeni, babu zetu walikula ugali huu huu, wakawapiga Wajerumani pale Lugalo. Leo tunaambiwa ugali unadumaza?"

Nilikuwa natafuta jawabu, dada akanitangulia. "Shikamoo, babu. Mwaka 1891 babu zetu walikuwa na ng'ombe na maziwa, wakiwinda, wakila ulezi na mtama na kunde na mboga za porini za kila aina. Mahindi haya ya kila siku, asubuhi uji wake, mchana ugali wake, usiku ugali wake, hayakuwa yao. Na mayai tunayo, babu, lakini tunasema mtoto akila yai atachelewa kusema, halafu tunayapeleka mnadani." Mzee akatabasamu, akasema, "Marahaba, mwanangu. Endelea."

Akaendelea. Alisema kwamba kila robo mwaka anapima, anajaza fomu, fomu inakwenda kata, inakwenda wilayani, na kwamba hajawahi hata mara moja kuulizwa na kijiji chake mwenyewe amepata nini. Nilimtazama mwenyekiti, alikuwa ameinamisha macho. Serikali imefunga mikataba ya lishe na wakuu wa mikoa, kila halmashauri imeagizwa itenge shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, wapo maafisa lishe wenye shahada, jambo ambalo mwaka 1985 hatukuliota; insafu inataka nikiri kwamba juhudi ni kubwa kuliko yetu. Ila hesabu zimepanda juu, zimeliacha baraza. Zamani idadi ya wekundu ilisomwa mahali pale pale walipokaa wenye mashamba, wenye kisima na wenye ng'ombe, na mtu akasikia hadharani kwamba watoto wa kijiji chake wanapungua. Leo anayeisikia ni mtu wa mbali, mwenye nia njema, asiyeweza kuchimba kisima karibu na nyumba ya yule mama wala kumtwika mumewe ndoo.

Nilisema hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Hakuna aliyenipinga, wala sikuahidiwa jambo. Mtendaji aliandika. Mwenyekiti aliuliza kisima cha karibu kingegharimu siku ngapi za kazi za watu, wakaanza kubishana kwa Kihehe, nami sikufahamu ila mwanaume mmoja aliyerudia mara mbili neno "vinyungu" kwa hasira. Walikuwa bado wanabishana nilipowaaga usiku.

Alfajiri ya pili, saa kumi na moja kasorobo, nilitoka na mkoba wangu kuliwahi gari la Mafinga, na ndani ya mkoba bibi alikuwa ametia kifuko cha kimea kilichofungwa kwa uzi. Ukungu ulikuwa mzito. Njia ya barabarani hupita kando ya bonde, na pale kisimani niliona mwanga wa tochi. Alikuwa ni yule mama, amekwisha kunitangulia, mtoto yuko mgongoni ameamka. "Babu, nishikie," akasema, akinipa mtoto ili apate kuinama vizuri. Zamani, kabla ya kumtia mtoto kwenye kaptula ya mizani, nilikuwa na mazoea ya kumkisia kwa mikono, na aghalabu sikukosea kwa zaidi ya robo kilo. Nilimpakata. Alinishika ndevu, akanitazama kwa makini bila kulia, joto lake likanipenya katika koti. Nilimshika hivyo, pasipo kukisia, hata ndoo ikajaa. Kisha nikaiinua, nikamtwika mama yake, nikamrudishia mtoto akafungwa mgongoni kwa kitenge, na honi ya gari ikalia kutoka barabarani.